Bukari Niliyoituma Kwenye Insaka

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Hapana, hiyo sauti ni ya watu waliolala njaa. Bwana apewe sifa! Haya, sasa nawasikia.

Wanaonijua wananiita Mama Chanda. Nilizaliwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa hili, upande wa Zaire, nikaolewa hapa Kashikishi na mvuvi aliyekuja kwetu kuuza samaki wa chumvi akarudi na mke. Ushuhuda wangu leo ni wa sufuria. Msicheke kwanza. Mtacheka baadaye, nitawapa nafasi.

Ndugu zangu, nilikuwa mwanamke wa majivuno, na majivuno yangu yalikuwa bukari, ugali wetu wa muhogo. Nyinyi wenyeji mnaiita ubwali, mimi nimeshazoea bukari na kwa umri huu sibadiliki. Nilipoletwa hapa, wifi zangu walinitazama kama samaki ambaye hawajui kama ni mbichi au ameoza. Mgeni huyu atamlisha ndugu yetu nini? Basi nilitwanga muhogo wangu mpaka unga ukawa kama vumbi la chaki, nikasonga bukari laini isiyo na donge hata moja. Na mnajua desturi. Jioni wanaume hawali majumbani, wanakula pamoja kwenye insaka, kile kibanda chao, na kila mke anatuma sahani yake pale. Sahani inaonekana, na mwenye sahani anajulikana. Yangu ilikuwa inaisha ya kwanza. Mwenzake mmoja bwana yangu, Ba Kabwe, fundi wa nyavu na fundi wa kula, alikuwa anaivuta upande wake kabla watu hawajamaliza kunawa. Nami nikiambiwa hayo nilikuwa natembea sokoni shingo juu. Mungu anisamehe.

Kisha bwana yangu akaanza kunywa maji. Maji, ndugu zangu! Alimaliza mtungi kama anauzima moto. Akawa anatoka nje mara nyingi, akakonda, suruali ikashikwa na kamba. Akakanyaga mfupa wa samaki pale bandarini, kisigino kikafanya kidonda kidogo, na kidonda kile kikakataa kupona. Wiki tatu, wiki nne, kinazidi kupanuka. Watu walininong'oneza mambo mengi, mengine siwezi kuyasema humu ndani.

Nikampeleka zahanati ya misheni, kwa yule muuguzi muzungu tuliyemwita Mama Ruti. Akachukua mkojo wake, akauchanganya na dawa ya rangi ya buluu ndani ya kichupa, akaupasha moto kwenye taa ya spiriti. Nilisimama pale nikaona kwa macho yangu. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, njano ikawa nyekundu kama tofali. Mama Ruti akaweka kichupa chini.

"Baba Chanda, uko na sukari mingi mu damu," akasema. "Nitakupa vidonge, lakini vidonge peke yake havitoshi. Bukari hapana. Muhogo hapana, mahindi hapana, viazi vitamu hapana. Kama hii kidonda haiponi, batakukata muguu."

Mguu wa mvuvi! Anayesimama ndani ya mtumbwi kutupa wavu, anayesukuma mtumbwi matopeni! Bwana yangu alivaa kofia yake. Akaivua tena. Mimi nikauliza, sasa nitampikia nini? Maana kwangu mimi, kuondoa bukari ilikuwa kama kuondoa chakula chote.

Mama Ruti, Mungu amtunze popote alipo, akanichukua mpaka jikoni kwake. Alikotoka yeye ni karibu na mpaka wa nchi ya Meksiko, na huko watu wanapenda nyama ya kusaga yenye pilipili, wanaifungia ndani ya mkate mwembamba wa mahindi. Jina la chakula hicho sitalitaja madhabahuni, kwa sababu kwetu jina hilo ni la mahali tunapokalia. Haya, sasa chekeni! Mimi nilicheka hadi nikashika ukuta, na Mama Ruti hakuelewa sababu, akacheka tu kunisindikiza.

Alisema mkate tuuache, ladha tuichukue. Basi nikajifunza. Nyama unaitwanga kwenye kinu, kwa kuwa mashine ya kusagia sina. Unaikaanga na vitunguu, kitunguu saumu, nyanya, pilipili kavu, na zile mbegu ndogo za harufu ambazo Wahindi wanaziita jira. Alinipa kopo zima. Chini ya sufuria unatandaza kabichi iliyokatwa nyembamba, juu yake nyama, tena kabichi, tena nyama. Yeye alimalizia na jibini, mimi nilimalizia na mayai ya kuku wangu. Unafunika, unaweka makaa chini na makaa juu ya kifuniko, unangoja. Ukifunua, ndugu zangu, harufu inaita watu kwa majina yao.

Bwana yangu alionja jikoni akafumba macho. "Mama Chanda," akasema, "kama hii njo dawa, nilikawia kugonjwa."

Nilifurahi. Lakini sikilizeni ubaya wangu ulipoingilia. Jioni ilifika, wanawake wakaanza kupita na sahani zao kwenda insaka. Nikaitazama sufuria yangu. Nitaituma peke yake, bila bukari? Wifi yangu mkubwa anakaa mlango wa pili na jicho lake halilali. Angesema yule mgeni sasa anamnyima ndugu yetu chakula, ndiyo sababu amekonda. Nikaogopa. Nikasonga bukari, ndogo tu, nyeupe, nikaituma pamoja na sufuria. Nikamwambia bwana yangu, hiyo ni ya wenzako, wewe usiiguse. Nikaona nimefanya akili sana.

Nikafanya hivyo kila siku mwezi mzima. Tukarudi zahanati. Kichupa kikapashwa moto, buluu, kijani, njano, nyekundu. Nyekundu ileile! Na kidonda kilikuwa kimefika kwenye mfupa. Mama Ruti alinigeukia kwa hasira, nikaapa kwamba napika kama alivyonifundisha, nikaapa mara mbili. Bwana yangu aliangalia vidole vya miguu yake. Mama Ruti akatupa wiki tatu. Baada ya hapo, hospitali kubwa na msumeno.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza, unakula nini kule? Na mume wangu, mtu mpole ambaye hajawahi kunipigia kelele, alinijibu polepole.

"Mukono yangu nitaipeleka wapi, Mama Chanda? Bote banakata bukari, banachovya. Mi nitaokota nyama na vidole sawa mutoto? Na ile bukari ni ya kwako. Ninaijua, ni ya kwako. Kama inaniua, unaituma juu ya nini?"

Ndugu zangu! Nilitoka nikaenda kukaa kando ya kinu changu nikalia. Nilianza kumwomba Mungu aponye kisigino, lakini nikaacha katikati, kwa sababu nilijua ninaomba Mungu aondoe kitu ambacho mimi ninakituma kila jioni kwenye sahani nzuri. Nilikuwa ninalinda jina langu kwa wifi zangu, na mtu wangu anakufa. Nikamwambia Bwana hivyohivyo, bila kupamba. Nikasema, nisaidie mimi kwanza, halafu yeye.

Na nilipokuwa nalia pale ndipo nikakumbuka neno la bwana yangu kuhusu mkono. Mkono unataka kitu cha kushika! Niliinuka nikachukua kabichi nzima, nikabambua majani makubwa, nikayapitisha kwenye maji ya moto mpaka yakalainika. Badala ya ule mkate wa kwao Mama Ruti, huu hapa wa kwetu.

Jioni ile sikutuma mtu. Nilibeba sufuria mwenyewe, jua likiwa bado liko juu ya maji, nikapita mbele ya mlango wa wifi yangu, sina bukari. Akasimama. Nikaendelea. Nikaingia pale insaka, mahali ambapo mwanamke anaweka sahani na kuondoka, nikapiga magoti na sikuondoka. Nikasema, "Babaangu, mugonjwa yangu ataacha muguu mu hospitali juu ya bukari. Na mi njo ninaituma, juu ya kuona haya. Leo nimekatala. Munisamehe, na munisaidie."

Mtu mmoja akakohoa. Nikamwonyesha bwana yangu jani, nikaweka nyama ndani, nikalikunja, nikampa mkononi mbele ya watu wote.

Ba Kabwe alitazama jani, akatazama sahani ya mke wake iliyojaa bukari mpaka juu. Mtu yule anapenda kula, ndugu zangu, mnamjua! Akachukua kifuniko akaifunika. "Bandugu, mufunike masahani," akasema. "Ule mutu akishamaliza kula na akinawa, njo tutafunua." Kisha akanyoosha mkono. "Mama, unipe na mi ile jani. Nione kama inapita ku koo."

Na wakafunika. Wote! Wanaume waliotoka ziwani tangu alfajiri, matumbo yananguruma, walikaa na bukari iliyofunikwa, wakala majani ya kabichi na mwenzao hadi akashiba na kunawa. Na kesho yake hivyo. Na kesho kutwa. Hakuna aliyewaamuru. Wifi yangu, yule wa jicho, siku ya nne alinisimamisha njiani. Nikajua leo ni leo. Akanipa kabichi mbili kutoka bustani yake, akarudi kwake.

Wiki tatu zilipotimia, Mama Ruti alipasha moto kile kichupa. Tuliinama sote watatu. Buluu. Tukangoja. Buluu! Ikabaki buluu kama ziwa asubuhi, na Mama Ruti, muzungu yule mtaratibu, akapiga kigelegele kibaya kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Kidonda kilianza kufunga kutoka chini, polepole, na leo mahali pake pana kovu dogo kama ukucha.

Ninamshukuru Mungu aliyeniponya mimi ugonjwa wa haya, akamwachia bwana yangu mguu. Na wewe uliyekaa hapo, unaomba kwa bidii na huku unatuma sahani ya pili kwa kuogopa watu, ninakusihi, iache leo. Mwamini Bwana, uende mikono yako ikiwa na sufuria moja. Utaogopa, mimi niliogopa, na watu hawakunila.

Baba Chanda, usijifiche nyuma ya nguzo. Simama, mpenzi wangu, wakuone. Kwa miguu yote miwili.