Mwombezi wa Edah

Mwaka wa 2006 bodaboda za Kitale zilikuwa bado za baiskeli, na kwa kuwa baiskeli haziishi kuharibika, Wabwile fundi hakukosa kazi, wala hakukosa watu wa kumtazama akiifanya. Benchi lake lilikuwa nje ya duka la vyuma la Anil, mkabala na soko. Mwisho wa benchi alikaa Spika, mstaafu wa ofisi ya kilimo, ambaye hakuna jambo lililowahi kupita hapo bila yeye kulitolea uamuzi. Katikati alikaa Daktari na sanduku lake la dawa za panya na minyoo. Tonny, kijana wa bodaboda, hakukaa. Aliegemea baiskeli yake ili wateja wasimdhanie mvivu. Birika la kahawa lilikuwa juu ya makaa, na asubuhi hiyo Wabwile alikuwa tayari ameimwaga kahawa mara mbili nje ya kikombe. Mkewe Edah angesafiri kesho yake kwenda Lokichar, kule Turkana, wiki nzima, pamoja na akina mama wa kanisa, kupeleka Injili. Wabwile alikuwa na hofu, na kwa kuwa hakujua kuisema, alizungumzia mizigo.

— Nimemnunulia kufuli, akasema. Na tochi. Na gambuti.

— Gambuti Turkana? Tonny akacheka. Bana, huko mvua ni stori watu husikia tu.

— Si ya mvua. Ni ya nyoka.

— Nyoka ya huko inaruka, akasema Daktari. Inauma juu ya goti, gambuti inaiangalia tu. Mimi nimeuza dawa mpaka Kapenguria, naongea kitu najua. Mpatie makaa atafune kila asubuhi. Nyoka haipendi damu iko na makaa.

— Makaa gani?

— Hata haya ya kahawa.

Wabwile aliyatazama makaa chini ya birika kwa namna ambayo ilimfanya Spika akohoe.

— Wacheni mambo ya nyoka. Shida ni barabara. Pale Kainuk magari yanangojana, yasindikizwe na polisi. Kwa nini? Risasi za majambazi! Sasa sikiza. Edah asikae dirishani. Atafute mama mnene wa kwaya, akae nyuma yake.

Wabwile aliwapanga akilini akina mama wa kanisa mmoja baada ya mwingine, akamchagua Mama Roselyne, kisha akaona haya. Mama Roselyne alikuwa amemletea uji alipougua.

— Barabara ni kazi ya dereva, akasema. Mimi niko na kazi yangu.

— Kazi gani tena?

Akaweka spana chini.

— Pasta amewafundisha mwezi mzima. Wajue kusalimia watu wa huko kwa lugha yao. Wale chakula wamepewa. Wasiahidi kitu hawana. Na kila mtu anaenda, ati lazima awe na mtu mmoja anabaki nyumbani, wa kumwombea kila siku. Jumapili Edah amesimama mbele ya kanisa lote akataja jina langu.

Benchi lote lilimgeukia.

— Wewe? akasema Tonny. Si wewe humpeleka mpaka kwa geti ya kanisa, unageuza baiskeli, unakuja hapa?

— Si ndiyo nawaambia.

Na hapo ndipo hofu yake ilipotoka. Tangu Jumapili hakuwa amepata usingizi. Aliona kwamba baya lolote likimpata Edah njiani, litakuwa limepitia kwake yeye, mtu aliyepewa kazi ya kumlinda kwa maneno, naye maneno hana. Baiskeli angeilinda. Nyumba angeilinda. Lakini alipojaribu kupiga magoti nyuma ya mlango jana, alijikuta anaangalia vumbi la sakafu, akainuka.

— Hiyo ni rahisi, akasema Spika. Tumia Kiingereza. Umewahi kuona barua ya uhamisho imeandikwa kwa Kibukusu? Safari ni jambo rasmi. Hapa Kitale Mungu utamwongelesha unavyotaka, lakini ombi likishapita Kainuk linahitaji Kiingereza.

— Sina Kiingereza.

— Basi piga kelele, akasema Daktari. Ombi la kwenda mbali linataka sauti. Lokichar ni mbali sana. Panda juu ya kilima na uangalie upande wa barabara ya Lodwar. Sauti ikiisha, mimi niko na vidonge vya koo.

— Ninyi mnamsumbua mzee, akasema Tonny. Wabwile, niaje, sikia. Nunua kaseti ya wale wahubiri wa kuombea watu. Weka kwa redio, elekeza dirishani. Inaomba yenyewe usiku wote. Wewe lala.

— Na betri zikiisha?

— Unaweka zingine, si?

— Lakini jina la Edah haliko kwa kaseti, akasema Wabwile.

Spika alikuwa bado anatafuta uamuzi wakati Edah mwenyewe alipotokea, mfuko wa safari begani. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusimama kwenye benchi lile.

— Karibu, Mama Ivy, wakasema wote kwa pamoja.

Edah aliwasalimia, akafungua mfuko, akatoa kufuli, tochi na gambuti, akavipanga juu ya benchi.

— Baba Ivy, mimi nabeba maji, blanketi na sahani. Hivi vingine rudi navyo nyumbani. Lakini nimekuja kukuuliza kitu moja. Kesho tukifika pale Kainuk nitakuwa naogopa. Wewe hapa utakuwa unasema nini?

Spika alianza kuchochea makaa ya birika. Daktari aliinamia dawa zake za panya. Tonny akashika kengele ya baiskeli isilie.

Wabwile alisimama, akavua kofia kwa mkono uliojaa grisi. Hakuangalia juu wala chini. Alimwangalia mkewe.

— Mungu, akasema. Huyu ni Edah.

Wakangoja.

— Sina mwingine.

Edah alingoja kidogo zaidi, kuona kama kuna maneno yaliyobaki. Hayakuwapo. Alijifuta macho kwa ncha ya leso.

— Sema hiyo hiyo, akasema. Na usikubali Spika akuongezee kitu.

Akautupia mfuko begani, akavuka barabara kuelekea sokoni, na Wabwile akamwombea mpaka akafika ng'ambo.