Maisha ya Mama Subiri, Daktari wa Mifugo wa Chumba cha Kinyozi

Ndugu waombolezaji, majirani, wafugaji na nyote mliofika, familia imempa mdogo wake marehemu, yule kitinda mimba, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake kama yalivyokuwa, bila kutia chumvi, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakuwavumilia watia chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba karani wa stoo na mama aliyefuga kuku na mbuzi nyuma ya nyumba. Alianza shule ya msingi Januari 1968, akaingia sekondari mwaka 1975, na mwaka 1981 akajiunga na chuo kikuu kusomea udaktari wa mifugo, katika darasa la watu thelathini na wanne lenye wasichana wawili, ambapo mwenzake aliacha masomo mwaka wa tatu kwa kushindwa na harufu ya chumba cha upasuaji, naye akabaki peke yake mpaka alipohitimu tarehe 28 Juni 1986.

Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo aliajiriwa katika ofisi ya mifugo ya wilaya, na huko ndiko alikopata jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile la cheti, kwani alipofika kwa mnyama mgonjwa alikuwa anaomba kigoda, anakaa, anamtazama mnyama robo saa nzima bila kumgusa, na mwenye mnyama akianza kumhimiza anaambiwa asubiri kwanza. Wenye haraka walimwona mvivu, ila wanyama wao walipona.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na fundi wa pampu za maji, ambaye walikutana alipoleta ofisini mbwa wake aliyekuwa amemng'ata mkono, akiwa bado anavuja damu, na mumewe anaomba ijulikane kwamba mbwa ndiye aliyehudumiwa kwanza. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mwaka 1991 na mapacha wa kiume mwaka 1994.

Mwaka 1997 ng'ombe wa mjane mmoja alikufa akisubiri dawa iliyokuwa kabatini, kwa sababu mwenye kutia saini alikuwa safarini, na marehemu aliporudi nyumbani alimwambia mumewe kwamba hataki tena mkono wake ufungwe na kalamu ya mtu mwingine. Ukoo uliitana, ukasema mwanamke mwenye watoto watatu anataka kumwaga unga kwa mikono yake mwenyewe, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni huyu anayewasomea. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho, akakusanya vikombe vya chai, na tarehe 31 Desemba akakabidhi barua ya kuacha kazi. Mkuu wake wa kazi, kwa wema, alimwambia kiti chake kitabaki wazi mwaka mmoja.

Kliniki ilifunguliwa Jumatatu tarehe 2 Februari 1998, katika chumba alichohama kinyozi, chenye vioo vilivyojengewa ukutani, hata kwa mwezi mzima wa mwanzo mbwa wote walibwekea sura zao wenyewe mpaka vioo vilipozibwa kwa magazeti. Jumapili tarehe 22 Machi alipita kuchukua kipimo alichokisahau, akakuta friji ya chanjo ina joto na maji yametapakaa sakafuni, akaulizia, akaambiwa kwamba fundi cherehani wa chumba cha jirani, kwa kuogopa moto, huzima swichi kuu ya jengo zima kila Jumamosi jioni na kuiwasha Jumatatu alfajiri. Kwa wiki saba marehemu alikuwa amewachanja mbwa sitini na mmoja chanjo ya kichaa, bila kujua kama chanjo hiyo ilikuwa bado inafaa kitu, na hakuna mtu mwingine aliyejua.

Kule ofisini angeandika ripoti, akampelekea mkuu, akalala. Sasa hakuwa na mkuu. Alikaa juu ya kigoda chake mchana kutwa, halafu akabeba sanduku la kadi za wateja, akazunguka nyumba hadi nyumba kwa siku kumi na moja, akieleza kosa lake na kuomba kila mbwa achanjwe upya. Wengine walicheka, wengine walimpa maneno yake, na mwalimu mkuu mmoja mstaafu alichana kadi mbele yake, akasema mbwa wake hatachomwa mara mbili na daktari asiyejua friji. Mwalimu huyo yupo nasi hapa, na ameomba mwenyewe jambo hili lisomwe.

Baada ya hapo wateja walikata mguu. Kwa miezi sita kliniki ilipata wagonjwa wa kuhesabika, mumewe akamkumbusha kile kiti cha ofisini, na marehemu, ambaye hakuwa mtu wa machozi, alilia. Hata hivyo hakurudi. Mwezi Oktoba mbwa mwenye kichaa alipita mitaani akang'ata mbwa tisa, wanane kati yao waliochanjwa upya wakapona, na wa tisa akaletwa na mwalimu, amembeba mwenyewe, ili alazwe usingizi wa mwisho. Marehemu alifanya kazi hiyo bila kutamka neno juu ya kadi, na kuanzia wiki iliyofuata mwalimu alikuwa akiwaelekeza watu kwake.

Kliniki imedumu miaka ishirini na sita. Mwaka 2016 alimwajiri daktari wa pili, na figo zake zilipoanza kumsumbua Agosti 2021 alimwachia kazi yote, lakini wateja waliendelea kumletea kuku, paka na ndama hadi kibarazani kwake, wakidai watamsubiri yeye, jambo lililomtia hofu kuliko ugonjwa, kwamba alichokianzisha kitazikwa naye. Januari mwaka huu, akiwa amekaa kibarazani, mfugaji mmoja alipita na mbuzi, akamwamkia, akaenda zake moja kwa moja kliniki bila kusimama, na marehemu akamwita mumewe atoke haraka aje kuona. Alifariki Jumatano tarehe 6 Machi 2024, saa nne asubuhi, zikiwa zimebaki siku nane atimize miaka sitini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliompeleka hospitali na kumrudisha, wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa. Inaomba radhi pia kwamba daktari wa pili hayupo hapa kaburini, kwani saa mbili asubuhi ameletewa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, na waliomleta walimuulizia daktari huyo kwa jina.

Pumzika, dada, kwa amani, kliniki iko wazi.