Santuri Ndani ya Jalada la Mahubiri

Nani kati yenu aliificha santuri ya baba yenu ndani ya jalada la mahubiri? Msitazamane. Nitazameni mimi, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kupoteza kwa watu wanaokaguana nyuso. Na wewe, wifi yangu, toka hapo mlangoni uvute kiti. Umeninunia tangu tulipomzika kaka yako, leo utanuna ukiwa umekaa.

Sikilizeni, wanangu. Daktari ameniambia nipumzike nisiseme sana, nami nimemjibu kwamba kupumzika nitapumzika, tena karibuni, asiwe na wasiwasi. Lakini nitanyamazaje na furaha hii? Juzi nilimwomba kitindamimba aniletee santuri zangu hapa kitandani, rafu baada ya rafu, niziage, maana nimeishi nazo kwa amani kuliko nilivyoishi na ninyi. Nikazishika zote. Zile nilizoziokota uani mwa kituo cha redio, siku walipopata mitambo mipya wakazitupa nje kama maganda, na mimi mtunza maktaba yao, mwenye shahada yangu ukutani, nikazisomba kwa toroli huku wenzangu wakinicheka. Ile niliyoikuta kwa kinyozi ameifunikia ndoo ya maji. Zile za mjane wa fundi cherehani, aliyenipa kwa sharti kwamba kila nikizipiga nifungue dirisha, naye asikie ng'ambo ya barabara. Nikafika kwenye lile jalada la santuri ya mahubiri, ambalo mnajua sijawahi kuligusa kwa sababu mhubiri mwenyewe nilimfahamu. Nikasema, haya, leo na huyu nimsamehe. Nikavuta kilichomo.

Jamani! Nilipiga ukelele mpaka muuguzi mliyeniwekea humu nyumbani akaja mbio na sindano mkononi. Nikamwambia, mwanangu, sindano ninayoitaka mimi si hiyo.

Ni yenyewe! Lebo ya bluu, na lile duara la chai aliloliacha baba yenu siku alipoifanya santuri kuwa kisahani cha kikombe, nikamsema hadi majirani wakafunga madirisha. Ndiyo santuri pekee ambamo bendi nzima inanyamaza na kumwacha yeye na tarumbeta yake. Shangazi yenu alisimama hapo sebuleni, matanga hata hayajaisha, akasema sauti ya kaka yake ni mali ya kwao na ataondoka nayo. Nikamwambia, ondoka nayo, wifi. Tukaenda pamoja rafuni, tukafungua jalada lake, tukakuta tupu. Akanigeukia mbele ya waombolezaji wote: "Umemuuza! Kaka yangu hajapoa, wewe umeshamuuza!" Tangu siku hiyo, iwe harusi iwe msiba, nikiingia mahali naona vichwa vinaegemeana: huyo ndiye aliyeuza sauti ya mumewe. Nimeubeba mzigo huo mpaka nimeuzoea kama nundu. Na mmoja wenu amekaa pembeni akinitazama nikiubeba.

Tulieni, sijafika kwenye utamu. Niliishika pembeni, kwa viganja, kama nilivyowafundisha, nikaiinamisha chini ya taa. Santuri yote inang'aa kama imetoka kiwandani jana, isipokuwa mahali pamoja, kabla tu tarumbeta haijaanza, ambapo mifereji imekuwa ya kijivu na pana mikwaruzo midogo midogo, ile inayoachwa na mkono unaoishusha sindano. Kuna mtu amekuwa akiishusha sindano hapo hapo, miaka nenda miaka rudi, anaiinua, anaishusha tena. Ndani ya nyumba hii! Na mimi sijasikia hata mlio.

Halafu nikakumbuka, nikacheka peke yangu mpaka dripu ikataka kuchomoka. Mmesahau tulivyokuwa tukisikiliza? Baba yenu alikuwa akirudi kutoka kazini alfajiri na kulala mchana kutwa, nasi hatukuwa na ruhusa ya kumwamsha, basi tulizima amplifaya, spika kimya, tukakusanya masikio yetu juu ya kinanda cha santuri, maana sindano yenyewe hunong'ona wimbo wote ukiisogelea vya kutosha. Mligombana kwa vichwa nani awe karibu zaidi. Hakuna nyumba nyingine ninayoijua iliyosikiliza muziki kwa kuunusa. Kwa hiyo huyu si mwizi. Huyu ni wangu, nimemlea mwenyewe.

Basi shikeni wosia. Nyumba ni yenu nyote watatu, asiiuze mmoja nyuma ya mwenzake. Vitabu ni vyako, binti yangu mwalimu; tafadhali, usivipange kwa rangi. Kinanda ni cha kitindamimba, kwa kuwa ndiye anayejua kukitengeneza. Na wewe, mkubwa wangu, mhandisi, unayetaka chumba cha santuri kibomolewe kwa sababu ya paa linalovuja, unayejifungia humo na ngazi kila ukija, na ukitoka unaniambia, "Mama, takataka hizi zitakuangukia," paa nakuachia wewe.

Santuri zote, hadi ile ya kinyozi, ni za aliyepachakaza mahali pale. Ajitokeze, simchapi. Eti nini, kitindamimba? "Ni mimi, mama"? Mwone, meno yote nje! Haya, niambie, hapo palipochakaa kunasikika nini? "Ngoma"? Kaa chini. Ngoma zilishanyamaza zamani. Na wewe mwalimu acha kumcheka, hata wewe hujui.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Siku ya kunizika msimlete mtu wa kunisifu asiyenijua. Pigeni santuri hii, upande wote, amplifaya ikiwa wazi kabisa, na madirisha pia. Msizilaze santuri moja juu ya nyingine. Jua lisizipate. Mikono ioshwe... Nawaombea nyumba zisizokuwa na ukimya mbaya, wanangu, nyumba ambazo mtoto akitaka kusikia kitu haimlazimu kujificha. Mpendane hata mkikerana. Shangazi yenu mleteeni chai, amekuja mwenyewe, si haba. Wifi, nipe mkono. Mkono wako baridi kuliko wangu, na anayekufa ni mimi... Sikumuuza. Sikumuuza, wifi.

Sauti inaniishia. Nauliza tena, halafu nalala. Kabla tarumbeta haijalia... kuna nini pale?

Nani amesema? Mkubwa? Sogea, baba. Paza sauti, shangazi yako asikie.

"Anavuta pumzi, mama. Baba anavuta pumzi kwanza, kama mtu anayetaka kukuita kwa jina. Usiku uliotangulia nilimsikia shangazi akisema ataondoka naye, nikamficha, halafu alipokutukana nikaogopa kusema, na kadiri nilivyokua ndivyo nilivyozidi kuogopa. Ni mimi, mama. Shangazi, ni mimi. Paa halijawahi kuvuja."