Mama Tanbihi na Kikao cha Seneti cha Mwaka Sabini na Nane

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya mwisho kabla ya karakana, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea mabehewa. Mama yake alishona sare za shule kwa cherehani iliyokaa mlangoni, kwa sababu ndani hakukuwa na mwanga wa kutosha. Marehemu alikuwa mbishi tangu utotoni. Mama akimtajia kipimo cha kiuno cha mteja ili akikumbuke, yeye aliuliza, "Umempima mwenyewe au umeambiwa?"

Alianza shule ya msingi mwaka 1952, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana. Julai 1964 alijiunga na Chuo Kikuu, ambacho wakati huo kilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Wanaokijua chuo kwa maghorofa yake ya leo huenda wasiamini kwamba kilianza katika bohari la serikali lililokuwa likihifadhi mbolea. Madarasa yalitenganishwa kwa mbao nyembamba, kwa hiyo waliosoma historia walisikia hisabati bure. Siku za joto harufu ilipanda kutoka sakafuni, na wanafunzi wa miaka ile waliitana "miche" mpaka uzeeni. Marehemu alihitimu mwaka 1967 kwa daraja la kwanza, akapelekwa ng'ambo kwa masomo ya juu, na mwaka 1971 akarudi kuwa mhadhiri wa historia, mwanamke wa kwanza katika idara hiyo.

Jina la Mama Tanbihi alipewa na wanafunzi, kwa kuwa hakupokea insha isiyoonyesha kila dai limetoka wapi. Mume wake, mkutubi wa chuo, aliyemtangulia mwaka 2011, alipenda kusimulia siku alipojikaza kumwambia, "Wewe ndiye msichana mwerevu kuliko wote hapa chuoni."

"Chanzo?"

"Macho yangu."

"Chanzo kimoja hakitoshi."

Ilimchukua mkutubi miaka miwili kutafuta vyanzo vingine. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1973 na wakajaliwa watoto wawili.

Lakini nyumba yao ya chuo ilikuwa na mtoto kabla ya ndoa. Mama wa marehemu alifariki mwaka 1969, akiacha kitindamimba wa miaka kumi na mitatu, ambaye nyumbani aliitwa Kitinda. Dada mkubwa aliporudi kutoka ng'ambo alimchukua. Alimlisha, akamfokea, akamsahihishia hata salamu. Kitinda alipoingia Kitivo cha Uhandisi mwaka 1975, dada yake alimsindikiza mpaka mlangoni pa darasa, jambo ambalo kijana hakulisahau na wenzake hawakumsamehe.

Kufikia mwaka 1978 chuo kilikuwa kimekua kuliko mabomba yake. Mabweni yaliyojengwa kwa wanafunzi mia nne yalilaza zaidi ya elfu moja, na maji hayakupanda hata ghorofa ya kwanza. Mwezi Septemba wanafunzi walibeba ndoo tupu wakazipanga kwenye ngazi za jengo la utawala, ngazi kwa ngazi, mpaka Makamu Mkuu wa Chuo akashindwa kushuka. Kipaza sauti chao kilikuwa kibovu. Kitinda, aliyekuwa mwaka wa mwisho, alikitengeneza. Siku ya pili vioo vilivunjwa, na aliyevivunja hajajulikana mpaka leo. Chuo kikafungwa.

Seneti ilikutana tarehe 19 Oktoba kuamua hatima ya wanafunzi thelathini na mmoja, Kitinda akiwamo. Marehemu alikuwa mjumbe, mwakilishi wa wahadhiri, mdogo kuliko wote mezani. Seneti ya wakati ule haikupiga kura. Mwenyekiti alisoma azimio, akauliza kama yupo anayepinga, na anayepinga alisimama. Tena, kwa heshima ya umri, hakuna aliyesimama kabla ya mjumbe mkongwe, profesa wa sheria aliyeandika hati ya kuanzishwa kwa chuo, ambaye wote walimwita Babu Katiba. Asubuhi hiyo Babu Katiba alikuwa amesema waziwazi kwamba mwanafunzi hafukuzwi bila kusikilizwa. Kila mtu alijua atapinga.

Azimio la kuwafukuza lilisomwa baada ya chakula cha mchana. Babu Katiba alikuwa amelala, kidevu kifuani. Mwenyekiti aliuliza kama yupo anayepinga. Wajumbe wakamtazama Babu, kisha wakatazama meza. Azimio likapita. Wakati wa chai mzee alizinduka akauliza, "Jamani, tumefikia wapi?" Aliyekuwa karibu naye alimsogezea sukari. Babu Katiba alijiuzulu wiki hiyohiyo.

Jioni Kitinda alimkuta dada yake jikoni.

"Dada, ulikuwemo?"

"Nilikuwemo."

"Ukasema nini?"

"Babu Katiba alikuwa amelala."

"Sikukuuliza habari za Babu."

Alifungasha nguo zake akaondoka. Alikwenda kujifunza kazi kwa fundi umeme mmoja mjini, na baadaye akafungua karakana yake. Hakukata undugu wote. Wapwa zake walikaribishwa kila likizo, wakala, wakachezea nyaya wasizotakiwa kuchezea, na siku ya kuondoka akawaambia, "Haya, wajomba. Msalimieni baba." Mama yao hakutajwa.

Marehemu alibaki chuoni, na chuo kilipanda pamoja naye. Alikuwa mkuu wa idara mwaka 1984, mkuu wa kitivo mwaka 1990, na Naibu Makamu Mkuu wa Chuo kuanzia mwaka 1996. Ile ilikuwa miaka migumu. Idadi ya wanafunzi iliongezeka mara tatu bila kuongezwa ukuta mmoja. Walisikiliza mihadhara wakiwa wamekaa madirishani, na waliochelewa walisimama nje wakaandika wakiegemeza daftari mgongoni mwa mwenzao. Walimu wazuri waliondoka mmoja mmoja kufuata maslahi. Yeye hakuondoka. Alipigania kampasi mpya, iliyofunguliwa mwaka 2001, na kabla ya ukumbi alidai kwanza matangi ya maji. Mkandarasi alilalamika, "Mama, sisi tunajenga chuo, hatujengi bwawa." Alijibiwa, "Jenga bwawa. Chuo kitafuata."

Mwaka 1998 aliifanya Seneti iache utaratibu wa kusimama. Tangu hapo maoni huanza kuulizwa kwa mjumbe mdogo kuliko wote, na kura hupigwa kwa siri. Mara mbili alipeleka pendekezo la kufuta adhabu ya mwaka 1978, mara mbili likakwama. Lilipita mara ya tatu, mwaka 2004, wakati wanane kati ya waliofukuzwa walikuwa wameshafariki. Chuo kiliwaalika waliobaki kuja kumaliza masomo yao. Mkuu wa Kitivo cha Uhandisi alikwenda mwenyewe karakanani kwa Kitinda.

"Nirudi darasani na umri huu? Hao vijana wataniamkia, au wataniomba niwashe feni?"

"Mzee, chuo kimekiri kosa."

"Nashukuru. Hilo la chuo limekwisha. Mwambieni Mama Tanbihi, langu bado."

Katika mahafali ya mwaka ule marehemu aliagiza kiti cha mdogo wake kiwekwe mstari wa mbele. Hakuna aliyekikalia. Alistaafu mwaka 2006, akaendelea kusimamia tasnifu za wanafunzi wa uzamivu sebuleni kwake mpaka macho yalipomzuia. Walioingia hapo wanakumbuka kwamba chai ilikuwa nzuri na maoni yalikuwa makali.

Mwaka 2021 madaktari walimwambia kwamba moyo wake umepanuka na unashindwa kusukuma damu vizuri. Alilazwa mara kadhaa. Kuanzia Februari mwaka 2023 alihitaji mashine ya oksijeni nyumbani, na umeme wa mtaa wao ulikuwa ukikatika bila taarifa. Binti yake alimpigia simu fundi anayemwamini kuliko wote. Kitinda alifika kesho yake na betri mbili, akalala chali chini ya kitanda cha dada yake akiunganisha nyaya. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia nyumbani kwake tangu mwaka 1978. Binti alikuwa chumbani, na maneno haya aliyasikia mwenyewe.

Kitinda aliuliza akiwa bado uvunguni. "Dada. Siku ile, kama mzee angekuwa macho?"

"Angesimama."

"Nakuuliza wewe."

Marehemu alijiinua kwenye mto ili apate pumzi. Kisha akasema, "Jina langu la kupandishwa cheo lilikuwa kwa mwenyekiti yuleyule. Na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya chuo. Nilimwona Babu amelala, nikashukuru Mungu."

Koleo liliacha kugonga. Kitinda akasema, "Nimesikia." Akamaliza kazi, akajaribu mashine mara mbili, akamwonyesha binti swichi ya kubonyeza. Alirudi kila Jumamosi kukagua betri. Walizungumza habari za wajukuu, maji ya betri na bei ya nyaya. Lile jambo hawakulirudia.

Marehemu aliwaagiza watoto wake kwamba mazungumzo hayo yasomwe hapa na yachapwe, mbele ya chuo alichokitumikia kwa miaka thelathini na mitano. Alisema chuo kinaposimulia historia yake hupenda kusema kwamba azimio lile lilipitishwa na usingizi wa mzee mmoja. Hadithi hiyo huchekesha, na aliwahi kuisimulia hata yeye. Alitaka isahihishwe: wajumbe waliokuwa macho walikuwa wengi, na yeye alikuwa mmoja wao.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Ijumaa, tarehe 2 Juni 2023, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Umeme ulikuwepo na mashine ilikuwa ikifanya kazi. Moyo ndio uliochoka.

Ameacha binti ambaye ni daktari wa meno, mwana ambaye ni mpima ardhi, wajukuu watano, wadogo zake wawili wa kike, na mdogo wake wa mwisho, aliyekuja leo na kukaa pamoja na familia. Familia haijamwuliza kama amesamehe, naye hajasema. Chuo kilipendekeza kwamba katika ratiba hii aandikwe "mhandisi". Yeye aliomba aandikwe fundi umeme, na ndivyo alivyoandikwa.

Mungu amjalie mama yetu pumziko jema, na sisi tuliobaki atujalie amani.