Mkaratusi Uliopita Juu ya Paa

Ndani ya basi, fundi cherehani alisikia bibi wa kiti cha nyuma akimwambia mkata miti: "Mkaratusi mzima, mwanangu, ukapita juu ya paa langu kama unyoya!"

"Na dereva wa kreni alikuwa ng'ambo ya nyumba, mama, haoni kitu. Alifuata mkono wangu tu. Kiganja, anyanyue. Ngumi, asimamishe." Akaikunja ngumi kumwonyesha.

Makubwa, fundi akawaza. Kwake hata uzi hautii mkono.

"Sasa mbona ulikunja ngumi, mti ukaning'inia muda wote ule?"

"Nilikuona dirishani na mjukuu. Si tuliwaambia mtoke? Nikangoja mpaka mkatoka."

"Nilitaka aone," bibi akanong'ona.

Basi likasimama, bibi akashuka. Fundi akageuka: ngumi ya mkata miti ilikuwa bado imekunjwa, kana kwamba mti ungali unaning'inia juu ya mtoto.