Mwalimu Emanueli Hoza na Mlango wa Timu Nane

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Emanueli Hoza anakabidhi filimbi, funguo za stoo ya michezo na ile ofisi ndogo nyuma ya bwalo, baada ya kukitumikia Chuo cha Ualimu Kwezinga kwa miaka thelathini na minne. Alikuja akiwa mwalimu kijana wa Jiografia, kiatu kimoja cha mpira chake na kingine cha kuazima. Anaondoka akiwa mratibu wa michezo na mwenyekiti wa kamati ya Kombe la Vyuo vya Usambara, mwenye goti bovu na sauti ambayo bado inafika ng'ambo ya bonde.

Wageni wa hafla hii wasioujua uwanja wetu watazame upande wa kusini. Pale mstari unapoishia, ardhi nayo inaishia, na chini yake ni matuta ya kabichi ya Mama Amina, ambayo zamani yalilimwa na marehemu mumewe, Mzee Abdallah. Mpira ukitoka upande huo, umekwenda shambani kwa watu. Mwaka wa kwanza wa Mwalimu Hoza, nahodha wetu aliruka moja kwa moja kwenye kabichi akitaka kuunyakua arudi mbio, bila hata kumtazama mwenye shamba. Mzee Abdallah alimwahi, akaukalia mpira. "Huyu kijana hana kwao?" aliuliza, na mechi ikasimama. Mwalimu Hoza akashuka mwenyewe, akatoa shikamoo, akauliza habari za nyumbani, za ng'ombe na za kikohozi, akapanda na mpira kwapa moja na kabichi kwapa la pili. Tangu siku hiyo ni kanuni ya uwanja wetu: anayeshuka anasalimia kwanza, salamu haikatizwi, na muda wake unafidiwa wote. Waamuzi wanaotoka Tanga hucheka wanapoisoma. Wakishachezesha hapa mara moja, hawacheki tena.

Alikuwa mwalimu mkali wa ramani na mpole wa watu. Nilipohamia Kwezinga kuitunza maktaba, baada ya kambi yetu ya chai kule Amani kufungwa na nyumba tulimozaliwa kuachiwa miti, ni yeye aliyeniketisha kwenye benchi la wachezaji wa akiba akaniambia, "Kaa hapa, ndugu yangu. Mtu hawi mgeni akiwa na timu ya kumkasirisha." Timu hiyo imenikasirisha kwa uaminifu mpaka leo.

Lakini wasifu huu ungekuwa mwepesi kupita kiasi kama ungeuruka mwaka wake wa mwisho, ambao haukuwa mwepesi hata kidogo.

Kwa muda mrefu Kombe letu limefuata mpangilio mmoja. Vyuo hucheza ligi, kisha vinne vya juu huja Kwezinga mwezi Machi kwa mtoano, na bingwa hujulikana kabla masika haijakolea. Mwenye kuweka idadi hiyo ni Mwalimu Hoza. Zamani kidogo ziliwahi kuitwa timu nane. Mashindano yakaingia kwenye mvua, Fuso lililowabeba vijana wa chuo cha ufundi cha Mtae likateleza kwenye kona, na beki wao, Ibrahimu, akavunjika mguu. Mwalimu Hoza alikaa naye hospitalini mpaka ndugu zake walipofika. Kikao kilichofuata alisema maneno mawili: "Nne. Basi." Hakuna aliyebisha.

Tangu hapo Mtae imekuwa ikimaliza ya tano au ya sita, ikirudi nyumbani na pongezi.

Mwaka huu Mwalimu Husna, kocha wa Mtae, alileta hoja ya kurudisha timu nane. Bi Beatha, makamu mkuu wetu upande wa taaluma, aliipinga kwa hoja ambazo hazikuwa za kuchezea: raundi ya ziada itaingia kwenye mazoezi ya kufundisha, wanachuo watakosa majaribio, miguu itachoka, na mvua haina kamati ya kuiomba iahirishe. Wajumbe waligawanyika sawasawa. Kura ya uamuzi ikabaki kwa mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa anastaafu. Angekataa, mlango ungefungwa kwa jina lake. Angekubali, na gari likateleza tena, hilo nalo lingekuwa jina lake.

Mwalimu Husna alisimama, akamwamkia, kisha akasema, "Mwalimu, barabara hiyo tunaipita kila gulio. Viazi vinapita, karoti zinapita, wajawazito wanapita. Ni mpira tu uliokatazwa?"

Mwalimu Hoza akaahirisha kikao kwa wiki moja, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya.

Wiki hiyo alipanda Fuso la mboga lililokuwa likirudi tupu kutoka Soni, akaenda Mtae, goti likiwa limefungwa kitambaa. Alimtafuta Ibrahimu, ambaye siku hizi ni seremala mwenye watoto wakubwa. Aliyoyasikia alitusimulia mwenyewe kikaoni. Alikwenda kumpa pole upya, na Ibrahimu akaweka randa chini akacheka. "Huu mguu niliuvunja mimi, Mwalimu, na nimeshausamehe zamani. Mbona wewe bado unachechemea nao?"

Alipiga kura ya ndiyo. Akaongeza sharti moja lililowaondoa watu vitini: raundi ya kwanza isichezwe Kwezinga. Timu nne za juu ndizo zitakazosafiri kwenda kwa zile nne za chini. "Tunaoiogopa barabara," alisema, "tukaipite sisi."

Droo ya raundi hiyo ilipochezeshwa, Kwezinga tukapangiwa Mtae.

Waliokuwa kwenye Kosta asubuhi ile hawataisahau. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipopita Lukozi utani uliisha, na kila kona dereva aliikaribia kama anayeingia chumba cha mgonjwa. Kwenye kona ile ile ya Fuso, Mwalimu Hoza alisema, "Simama." Akatushusha wote. Akatangulia kwa miguu kwenye tope, akichoma fimbo pembeni mwa barabara kuonja ardhi, gari likimfuata tupu, nasi nyuma yake tumeshika viatu mkononi. Heri, nahodha wetu, ambaye kwa kawaida hanyamazi, hakutoa neno mpaka magurudumu yalipogusa changarawe. Ndipo akasema, "Mwalimu, umetuleta huku kuchinjwa."

Tulichinjwa kweli. Moja bila, goli la kichwa, na umati wa Mtae uliojipanga ukingoni mwa mlima ulishangilia mpaka nikahofia wataanguka. Kisha wakatulisha wali na maharage, wakatusindikiza kwa nyimbo tusizostahili.

Hapa chuoni mapokezi yalikuwa mengine. Kwa mara ya kwanza Kwezinga ingeandaa fainali bila kuwamo. Bwaloni wanachuo waliligeuza jina lake kuwa lawama, wakaimba, "Hoza katuhoza!" na walipomwona anaingia hawakushusha sauti. Yeye alichukua sahani yake, akakaa katikati yao, akala. Bi Beatha naye alikuwa na haki yake: wanachuo kadhaa walirudia majaribio, na mchezaji mmoja wa chuo cha Soni alicheza nusu fainali na kifundo kilichovimba. Mwalimu Hoza hakuyakanusha. Aliyasema mwenyewe mbele ya kamati, moja baada ya jingine.

Fainali ilikuwa Mtae na Soni. Dakika zikiwa zinayoyoma, Mtae wakiongoza moja bila, mpira ukaenda kwenye kabichi. Beki wa Mtae akashuka. Akasalimia. Mama Amina akajibu, naye hana haraka. Akamuuliza ni mtoto wa nani, mvua ya kwao ikoje, vitunguu vimeshikaje. Mashabiki wa Soni wakapandwa na jazba: "Anapoteza muda huyo! Mwulize na bei ya mbolea!" Mashabiki wa Mtae wakamlilia kijana asiharakishe. Kisha wote wakamgeukia kamisaa wa mchezo, Mwalimu Hoza, aliyewafungulia Mtae mlango kwa kura yake.

Alinyanyua mkono kumwonyesha mwamuzi saa. Salamu yote, tangu shikamoo hadi vitunguu, ikafidiwa. Ndani ya muda huo Soni wakasawazisha, na kwenye penalti wakachukua kombe.

Nilikuwa karibu Mwalimu Husna alipomfuata. Sote tulidhani atamlaumu. Alimshika mkono kwa mikono miwili akasema, "Mwakani tena, Mwalimu. Sisi njia ya kuja tunaijua. Na sasa nyinyi mnaijua ya kwenda."

Agosti kamati itakaa kuamua kama nane zibaki. Kura ya mwenyekiti itakuwa ya mtu mwingine, nasi hatujui ataipiga vipi.

Mwalimu Hoza, asante kwa filimbi, kwa ramani, na kwa kutushusha garini. Goti lipumzike, usingizi uwe mzito, na nyumba yako isikose wa kuisalimia. Machi ikifika, benchi lako lipo palepale, upande wa kabichi.