Maisha ya Mwalimu Chuang Yung-tsung, Aliyekalia Mikono Yake

Marehemu Chuang Yung-tsung alizaliwa tarehe 4 Novemba 1951 mjini Puzi, wilaya ya Chiayi, mtoto wa kwanza wa Mzee Chuang Teng, fundi baiskeli, na Bi. Tsai Mien. Dada yake wa pekee, Yueh-o, ndiye anayewasomea maandishi haya.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Puzi, kisha shule ya ufundi Chiayi, idara ya umeme, akamaliza mwaka 1970. Hakuwa wa kwanza darasani, wala wa pili. Alikuwa yule anayejitolea kubaki kufagia, ili wenzake wakiondoka aishike mita ya kupimia umeme kwa raha zake.

Baada ya jeshi alifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha televisheni mjini Kaohsiung, na Machi 1983 akafungua duka la vipuri vya umeme karibu na stesheni ya treni. Kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka thelathini na minane, aliwafundisha humo wanaoanza ufundi. Somo la kwanza halikubadilika kamwe: kidhibiti volti cha kurekebisha, kidude cheusi chenye miguu mitatu kinachoshusha volti, pamoja na rizista moja ya kuzuia umeme na swichi ya kuzungusha ya kuongeza na kupunguza. Maandishi yakikutazama, mguu wa kushoto ni wa kurekebisha, wa katikati unatoa umeme, wa kulia unaupokea. Wageni karibu wote hudhani wa katikati ndio wa waya hasi, wanauunganisha huko, na kidude kinapata moto hadi hakishikiki. Marehemu alikuwa akiliona kosa hilo tangu linakuja, na hakulizuia. Alikuwa anakalia mikono yake yote miwili.

"Mwalimu, mbona umekalia mikono? Baridi?" aliuliza Bwana Tseng Kuo-liang, ambaye tunaye hapa leo, siku yake ya kwanza.

"Nikiitoa nitakuibia kosa lako. We endelea kuunguza."

Bwana Tseng aliunguza vitatu siku hiyo.

Tarehe 18 Februari 1979 marehemu alimwoa Bi. Lü Chiu-hsia, mshonaji, aliyetutangulia mwaka 2015. Walijaliwa watoto wawili, binti Pei-jung na mwana Chih-yuan. Chih-yuan alikwenda darasani bila kusukumwa. Pei-jung, wapi! "Baba, mimi na nyaya zako hatuivi," alikuwa akisema. Baba yake alicheka, lakini ilimuuma, na alimwambia dada yake hivyo zaidi ya mara moja.

Agosti 2021 madaktari waligundua kwamba mishipa ya fahamu inayoendesha misuli yake ilikuwa inakufa. Ilianza mikono, ikafuata miguu, kisha sauti. Pei-jung alifunga saluni yake Tainan, akarudi nyumbani kumuuguza. Kufikia Januari mwaka huu marehemu alikuwa amebakiwa na macho na kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Pei-jung akawa hawezi hata kwenda kupika, asije akahitajiwa. Ndipo alipoamua kumtengenezea kengele ya kubonyeza kwa kidole hicho. Kengele ilitaka volti tano, na adapta iliyokuwapo ilitoa kumi na mbili, kwa hiyo ilimbidi aanzie somo la kwanza, lile lile alilolikimbia utotoni.

Walikubaliana: kufumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"Hapa, Baba?" Pei-jung alimwonyesha mguu mmoja wa kidude.

Mara mbili.

"Sasa wapi, jamani? Hapa?"

Mara mbili tena. Kikaungua kidude cha kwanza, kikaungua cha pili. "Baba, nisaidie basi!" alilia Pei-jung. Na yeye aliyelifundisha jambo hilo kwa mamia ya watu alilala pale anamtazama tu.

Siku ya sita, tarehe 21 Januari, Pei-jung aliizungusha swichi taratibu mpaka mita ikasoma tano, na kengele ikalia. Marehemu alifumba macho mara moja, akachelewa kuyafumbua, hata binti yake akaogopa. Tangu siku hiyo iliita kwa kiu, kwa kugeuzwa, na mara nyingine bila sababu. "Umeniitia nini sasa, mzee wangu? Uchokozi tu!" Na alikuwa anakwenda hata hivyo.

Wapo jamaa waliotaka hapa iandikwe kwamba alifariki akiwa amezungukwa na familia yake, kama inavyoandikwa siku zote. Yueh-o amekataa kwa sababu si kweli, na Pei-jung mwenyewe ameomba isemwe ilivyokuwa. Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa kumi kasoro dakika ishirini alasiri, Pei-jung alikuwa jikoni anasaga uji wa wali na malenge, hatua kumi na moja kutoka kitandani. Aliporudi, baba yake alikuwa amekwisha kukata roho. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kengele haikuwa imelia.

Alimpigia simu Bwana Tseng. "Kaka Tseng, njoo uifungue. Kuna mahali nimekosea. Niambie ni mbovu."

Bwana Tseng aliupima kila mguu, kisha akabonyeza. Ikalia nyumba nzima.

"Nzima, dada. Hujakosea popote."

Pei-jung alikaa chini sakafuni. Ingekuwa mbovu, angejilaumu, lakini angejua kwamba aliitwa. Sasa hajui kama kidole kilishindwa au baba yake hakutaka kumsumbua. Tumemwambia mengi, na hakuna hata moja lililomsaidia.

Marehemu ameacha dada mmoja, watoto wawili, wajukuu watatu, na wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu.

Pumzika salama, kaka Yung-tsung. Kama ulikuwa unatuita, hatukusikia. Utusamehe.